Probox iliyotembea kilomita 214,000: nini cha kukagua kabla ya kulipa

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeko Kasulu. Ameonyeshwa Toyota Probox ya mwaka 2006, namba D (yaani herufi za usajili wake zinaanza na D), inayouzwa Kigoma mjini kwa shilingi milioni 8.5. Mita yake inasoma kilomita 214,000. Muuzaji anasema gari lilikuwa la nyumbani na halijawahi kubeba abiria. Jirani wa mwalimu huyo amemwambia kwamba gari la petroli likishapita laki mbili limekwisha, asithubutu kulinunua. Yeye ana milioni 9.5 tu, alizozidunduliza kwa miaka minne, na anauliza: je, kilomita hizo ni nyingi mno, na akague nini kabla ya kutoa fedha zake?

Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako, na hasa kwa kueleza waziwazi kiasi cha fedha ulicho nacho, kwa sababu anayekushauri juu ya gari bila kuujua mfuko wako anakushauri nusu. Mimi ni fundi wa magari hapa Mwanga, Kigoma, na kazi ya kumkagulia mtu gari kabla hajalilipia nimeifanya kwa miaka mingi. Nitakueleza kama vile tunakwenda kulitazama gari hilo pamoja.

Nianze na jirani yako, kwa kuwa hofu yake haikutoka hewani. Zamani tulizoea injini kama 5A na 7A za kwenye Carina na Corolla, ambazo zina mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha mzunguko wa vali na pistoni, unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. Gari likipita laki mbili na mkanda haujulikani ulibadilishwa lini, mwenyewe alikuwa akiendesha kwa kudra za Mwenyezi Mungu. Probox ni habari nyingine. Nyingi zina injini ya 1NZ ya cc 1,500, na baadhi zina 2NZ ya cc 1,300, na zote mbili hutumia cheni ya taimingi, ambayo haina kilomita maalumu za kubadilishwa ilimradi oili inabadilishwa kwa wakati. Nimefungua 1NZ iliyopita laki tatu nikakuta ndani ya silinda ile mikwaruzo myembamba ya kiwandani bado inaonekana, na nimefungua nyingine ya kilomita 130,000 iliyokuwa inakula oili vibaya sana, kwa sababu mwenyewe kila ikipungua alikuwa anaongeza tu, habadilishi. Kwa hiyo kilomita 214,000 peke yake hainitishi. Kinachonitisha ni kilomita zisizo na maelezo: nani alizitembea, katika barabara gani, akiwa amebeba nini, na kama mita yenyewe inasema kweli.

Hilo la mita linaanzia kwenye kadi ya gari. Kadi itakuonyesha mwaka wa kutengenezwa na tarehe ya kusajiliwa Tanzania. Namba D peke yake haisemi mengi, kwa sababu herufi hiyo ilitolewa kwa miaka kadhaa mfululizo. Tuseme umekuta gari lilisajiliwa mwanzoni mwa 2016. Kabla ya hapo lilikaa Japani miaka 10, na Probox kule ni gari la kazi, makampuni hulitumia kusambazia bidhaa na mafundi wake, hivyo si ajabu lifike likiwa na kilomita 100,000. Muuzaji akiwa bado ana karatasi za Japani, ama cheti cha kusafirishia gari ama ripoti ya ukaguzi, mara nyingi utakuta kilomita za wakati ule zimeandikwa. Mwombe akuonyeshe, na usione haya kuomba. Zinabaki kilomita 114,000 za hapa nchini, ambazo ukizigawa kwa miaka 9 au 10 unapata kama 12,000 kwa mwaka, na huo ni mwendo wa mtu anayekwenda kazini, sokoni na kijijini kwao mara chache.

Sasa linganisha na gari la abiria. Kutoka Kigoma hadi Kasulu ni takriban kilomita 100. Gari linalokwenda na kurudi mara moja kwa siku, kwa siku 25 za mwezi, hutembea kilomita 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Gari la namna hiyo litazimaliza zile 114,000 kabla ya miaka miwili kutimia. Maana yake ni kwamba maneno ya muuzaji na mita vinaweza kukubaliana, lakini ukigundua dalili kwamba gari lilibeba abiria kwa miaka mitatu au minne, basi mita hiyo imeguswa au imetolewa kwenye gari jingine. Mita za siku hizi hurudishwa nyuma kwa kifaa kidogo cha kuchomeka, kwa muda mfupi tu. Mwili wa gari haurudishwi.

Kwa hiyo soma mwili. Kaa kwenye kiti cha dereva, tazama mpira wa pedali ya breki, usukani pale mikono inaposhika, ncha ya gia na ukingo wa kiti upande wa mlangoni. Kwa kilomita 214,000 vitu hivyo vinatakiwa viwe vimechakaa kiasi. Pedali yenye mpira mpya kabisa kwenye gari la 2006 inakutaka uulize kwa nini ilibadilishwa. Kisha hamia kiti cha nyuma, ambacho wanunuzi wengi hawakikalii. Kwenye gari la familia kiti cha dereva ndicho huchoka kwanza. Kwenye gari la abiria kiti cha nyuma ndicho hulala, na vitasa vya milango ya nyuma hupoteza rangi, na kizingiti cha chini hulika kwa viatu vya watu. Fungua mlango wa nyuma nusu, uinue kwa mikono miwili: ukicheza juu na chini, bawaba zake zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko familia yoyote inavyoweza. Tazama juu pia, kama kuna alama za keria kwenye kingo za paa. Namba ya njano, yaani ya gari la binafsi, isikuridhishe, kwa maana sote tunajua ni gari ngapi za namba ya njano zinazopakia abiria alfajiri pale Mwandiga.

Niliwahi kuitwa kutazama Probox iliyosemekana kuwa ya mama mmoja anayekwenda nayo kanisani na sokoni. Ndani ilikuwa inang'aa, viti vimevalishwa kava mpya, na imepuliziwa manukato. Nikavua zulia la nyuma, nikapitisha kidole kwenye mshono wa bati, kwenye kona nyuma ya gurudumu la kushoto. Kidole kilitoka na utelezi mwekundu wa mawese, na ndani ya utelezi huo mlikuwa na vichwa vidogo vya dagaa vilivyokauka, vimegandamana na kutu. Nikainama chini: springi za nyuma zimelala, na zile raba zinazozuia bodi isigonge ekseli zimepasuka kwa kupigwa. Gari lile lilikuwa limebeba madumu ya mawese na magunia ya dagaa kwa muda mrefu, na hakuna ubaya wowote kwa gari kufanya kazi hiyo, kwani ndiyo kazi yetu hapa Kigoma. Ubaya ulikuwa kuliuza kwa bei na kwa maelezo ya gari la kanisani.

Ukiwa bado ndani, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Vumbi jekundu lililosambaa ni la kawaida kwa gari lililopita barabara zetu kabla hazijawekwa lami, lakini mstari wa tope ulionyooka, au madoa ya maji yaliyoishia kimo kimoja, ni dalili kwamba gari liliwahi kuingia kwenye mafuriko, na gari la namna hiyo mimi nisingelichukua hata kwa nusu ya bei, kwa sababu matatizo yake ya umeme hayaishi. Mwisho wa mkanda huo kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa gari ni la 2006 na mikanda ya mbele ni ya miaka mingi baadaye, ilibadilishwa, na mara nyingi hubadilishwa baada ya ajali. Vioo navyo vina chapa kwenye kona. Vyote vikiwa vya kiwanda kimoja isipokuwa kimoja, uliza kilichokivunja.

Injini inataka asubuhi. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote: mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti na karibu na ekzosi. Ukikuta kuna joto, ahirisha, urudi siku nyingine. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha mlio wa cheni, huficha moshi wa kwanza na huficha uvivu wa kuwaka. Ikiwa ya baridi, vua kifuniko cha kujazia oili ukitazame upande wa ndani. Rangi ya kahawia ni sawa. Masizi mazito kama lami yanaonyesha oili iliyokaa kupita kiasi. Utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa unaonyesha maji yamechanganyika na oili, na hapo safari yako imeishia. Vua pia mfuniko wa rejeta, wakati injini ikiwa ya baridi tu, maana ikiwa ya moto utaungua. Kama ndani kuna maji yenye rangi ya kutu, mwenyewe amekuwa anajaza maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), na njia za maji ndani ya injini zimeanza kuliwa.

Kabla ya kuwasha, geuza ufunguo hatua moja tu, utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, kwa kuwa huenda kuna mtu aliyeing'oa balbu au kukata waya ili usione kosa. Vivyo hivyo kwa taa za ABS na airbag, kama gari linazo. Halafu washa na usikilize. Mlio wa cheni wa sekunde moja au mbili unaweza kuvumilika. Ukiendelea, cheni imelegea au kikaza-cheni kimechoka. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi unaoisha ni mvuke tu. Mweupe usioisha ni maji yanayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na wa buluu ni oili.

Huo wa buluu unastahili jaribio lake, nasi watu wa Kigoma mjini tuna bahati ya kuwa na mahali pa kulifanyia. Teremka na gari kutoka Mwanga kwenda stesheni kwa barabara ya Lumumba, gia ikiwa ya chini, mguu ukiwa nje ya mafuta, uiache injini izuie mwendo. Ukifika chini na njia ikiwa salama, kanyaga mafuta huku mtu mwingine akitazama nyuma. Gari likitema wingu la buluu, vali sili, zile raba zinazozuia oili isiingie kupitia vali, zimechoka. Likiendelea kutoa moshi wakati wote wa kuvuta, ringi za pistoni ndizo zimekwisha, na ringi maana yake ni kufungua injini nzima. Kisha geuza upande mlima uleule juani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Ukifika Mwanga usizime. Kaa dakika 10 hivi usikilize feni ya rejeta ikiingia na kutoka. Gari linalotaka kuchemsha litakuonyesha hapo. Ujue pia kwamba mafundi wengi, nami nasema haya kwa masikitiko, hutibu gari linalochemsha kwa kung'oa thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, na injini ya namna hiyo huchelewa mno kupata moto wake. Dalili ikiwa hiyo, ujue tatizo la awali halikuondolewa.

Ukiridhika mpaka hapo, lipa fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na injini, na ndicho kipimo pekee ambacho manukato na kava za viti haviwezi kukibadilisha. Plagi zote nne zitolewe, betri iwe na nguvu, mafuta yakanyagwe mpaka chini. 1NZ yenye afya hutoa kama psi 200 (kipimo cha mgandamizo) kwa kila silinda. Kikomo cha chini ni kama psi 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14 hivi. Silinda zote zikiwa 175, mimi ningenunua. Tatu zikiwa 190 na moja 140, nisingenunua, hata muuzaji akisema ni plagi tu. Plagi zikiwa mkononi, zitazame: iliyolowa oili kwenye ncha inakuambia juu ya ringi au vali, lakini iliyolowa sehemu ya juu tu inakuambia gasketi ya tapeti kava inavuja, na hiyo ni kazi ya saa chache na fedha kidogo. Si kila uvujaji ni sababu ya kulikimbia gari.

Giaboksi ikiwa ya otomatiki, vuta stiki ya kupimia oili yake injini ikiwa inaunguruma na ya moto. Oili yake inatakiwa iwe nyekundu, au angalau kahawia isiyonuka. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, klachi za ndani zimelika. Ukiweka D au R, gari lishike ndani ya sekunde moja au zaidi kidogo, bila kushtuka. Ukiwa barabarani, hisi linavyobadili gia likipanda mlima. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, giaboksi inateleza. Giaboksi iliyochoka sipendi kumshauri mtu aitengeneze hapa, kwani mara nyingi huishia kununua nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam, na gharama na siku za kusubiri hupita matarajio.

Kuhusu miguu ya gari sitakaa sana, maana kwa barabara zetu utakuta tu kitu kimechoka. Piga jeki, tikisa kila gurudumu, tazama boljointi, bushi za wishboni, staba linki, shokapu zinazovuja na buti za drive shafti zilizopasuka. Kata kona mpaka mwisho ukisikiliza mlio wa ka-ka-ka, na kwenye lami sikiliza muungurumo wa bearingi. Andika bei ya kila kitu, uitumie kupunguza bei ya gari. Tairi zina tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata (meno) nzuri lakini ya miaka minane ni tairi ya kubadilisha.

Bodi nayo itazame mchana, si jioni wala baada ya mvua. Boliti zinazoshika fenda na boneti zikiwa zimechubuka rangi, vitu hivyo viliwahi kufunguliwa. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, uipitishe kwenye bati. Pasiposhika pana puti, ile ya kuziba mabonde kabla ya kupaka rangi. Fenda iliyonyooshwa si hoja kubwa, lakini alama za kuchomelea kwenye mihimili ya mbele inayobeba injini, au kwenye nguzo za milango, ni hoja ya kuondoka, kwa kuwa gari hilo litakula tairi siku zote na halitakulinda likigongwa tena.

Karatasi zisikawie, lakini zisirukwe. Namba ya chasisi na namba ya injini uzisome kwenye chuma chenyewe, uzilinganishe na kadi. Injini iliyobadilishwa bila kadi kurekebishwa TRA itakuwa tatizo lako, si la muuzaji. Ikiwa kadi ‘iko benki’, gari ni dhamana ya mkopo na haliuziki mpaka benki iachie. Angalia madeni ya faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, na uhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Jina la kwenye kadi liwe la mtu anayesaini mbele ya wakili, si la dalali.

Na fundi utakayekwenda naye asiwe yule aliyeletwa na dalali, hata akiwa mjuzi, kwa sababu siku hiyo anakula kwa dalali.

Sasa fedha zako. Ukilipa milioni 8.5 unabaki na milioni moja, na kutoka humo utalipa wakili, ada za kuhamisha umiliki na bima. Kitakachobaki hakitoshi. Gari la umri huu, hata likiwa zuri, wiki ya kwanza linataka oili na filta, oili ya giaboksi, kulanti, plagi, mkanda wa altaneta na mafuta ya breki, na kwa kawaida shokapu mbili au tairi mbili. Ningekushauri usilipe zaidi ya milioni 7.8 kwa gari hili endapo limefaulu kompresheni na giaboksi, na muuzaji akikataa kabisa, umwache kwa heshima. Probox hazijaisha Kigoma, na miaka minne ya kudunduliza haistahili kuharakishwa na mtu anayekuambia kuna mteja mwingine anakuja saa nane.

Likifaulu na mkikubaliana bei, mwombe wakili aandike kwenye hati ya mauziano kilomita zinazosomwa na mita siku hiyo, pamoja na maneno ya muuzaji kwamba gari halikubeba abiria, kisha nyote wawili msaini chini yake. Muuzaji anayesema kweli atasaini bila kusita. Hata ukiliuza gari hilo baada ya miaka mitano, atakayelinunua kwako atakuwa na mahali pa kuanzia hesabu yake.